Mbinu za Mashambulizi au Ulinzi? Namna ya Kupima Lawama Timu ya Futiboli ya Marekani Inapopoteza Mchezo

Timu ya futiboli ya Marekani inapopoteza mchezo uliokuwa tayari mkononi, mabishano huanza kabla wachezaji hawajafika chumba cha kubadilishia nguo, na karibu kila mara huwa na pande mbili: wapo wanaosema kocha aliyekuwa akichagua mbinu za mashambulizi ndiye aliyeiharibu kazi, na wapo wanaosema ulinzi ulilala. Kila upande huwa na mfano wa kutolea, kwa kuwa mchezo mmoja una matukio zaidi ya mia moja na hakuna anayeweza kukosa tukio la kuunga mkono hasira yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupima ubishi huo kwa daftari na kalamu. Mfano nitakaoutumia ni Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani, iliyochezwa Houston, Texas, tarehe 5 Februari 2017, ambapo Atlanta Falcons waliongoza kwa pointi 28 kwa 3 na kuishia kushindwa 34 kwa 28 na New England Patriots. Kwa saa za Afrika Mashariki mchezo ulianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na mtu aliyezima televisheni wakati wa mapumziko, Atlanta wakiwa mbele kwa 21 kwa 3, aliamkia habari nyingine kabisa.

Msomaji aliyekulia kwenye soka ajue kwanza jambo moja, kwa sababu ubishi wote umejengwa juu yake. Katika soka wachezaji walewale kumi na mmoja hushambulia na kulinda, na beki akipanda mbele anaweza kufunga goli. Katika futiboli ya Marekani timu ina vikosi viwili tofauti: kikosi cha mashambulizi huingia uwanjani timu inapokuwa na mpira, kikosi cha ulinzi huingia wapinzani wanapokuwa nao, na kimoja kikiwa kazini kingine kimekaa benchi kinakunywa maji. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifaulu huanza kuhesabiwa upya, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio, tangu mpira unapoinuliwa hadi mchezaji anapoangushwa, nitaliita mkupuo, na mfululizo wa mikupuo tangu timu ipate mpira hadi iuachie nitauita zamu. Kabla ya kila mkupuo wa mashambulizi kocha huchagua mbinu na kumsomea kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kupitia redio iliyomo ndani ya kofia yake, na mawasiliano hayo hukatwa zinapobaki sekunde kumi na tano kwenye saa ya mkupuo, ile inayohesabu muda wa kuanza mkupuo unaofuata. Kwa Atlanta kazi hiyo ya kuchagua mbinu ilikuwa ya Kyle Shanahan, mratibu wa mashambulizi, chini ya kocha mkuu Dan Quinn.

Hatua ya kwanza: orodhesha zamu zote kabla ya kumtaja mtu

Chukua daftari la kawaida la mistari, gawa ukurasa katikati kwa wima, kushoto andika zamu za timu yako na kulia zamu za wapinzani, kwa mfuatano zilivyotokea. Kila zamu iandikie mambo matatu tu: ilianzia yadi gani, ilikuwa na mikupuo mingapi, na iliishaje. Usiandike maoni yoyote katika hatua hii, na hasa usianze na mkupuo wa mwisho wa mchezo, kwa sababu mkupuo wa mwisho humwonea yeyote aliyekuwa karibu nao. Mchezo wa Houston ulimalizwa na James White aliyekimbia yadi mbili na kuingia eneo la goli katika muda wa nyongeza, na ukiutazama peke yake utaapa kwamba ulinzi wa Atlanta ndio uliopoteza, kumbe walinzi hao walikuwa wamefika hapo wakiwa na miguu ya watu waliocheza karibu michezo miwili kwa usiku mmoja.

Daftari likijaa, jumlisha. Kwa mchezo huu utapata Atlanta mikupuo 46 na New England 93, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na timu yoyote katika Super Bowl kabla ya hapo, na utapata kwamba Atlanta walikaa na mpira dakika 23 na sekunde 27 huku wapinzani wakikaa nao dakika 40 na sekunde 31. Hesabu ya 46 unaweza kuihakiki mwenyewe: kwotabeki Matt Ryan alirusha pasi 23, Atlanta walikimbia na mpira mara 18, naye Ryan aliangushwa akiwa bado ameushika mara 5. Ukipata jumla tofauti, rudi nyuma utafute zamu uliyoiruka, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinaitegemea hii.

Hatua ya pili: kila pointi ipeleke kwenye deni la mwenyewe

Ubao wa matokeo hausemi pointi zilitoka wapi. Atlanta walimaliza na pointi 28, lakini saba kati ya hizo hazikuletwa na mashambulizi: zilikuja zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei kabla ya mapumziko, Robert Alford wa kikosi cha ulinzi alipoinasa pasi ya Tom Brady na kukimbia nayo yadi 82 hadi eneo la goli. Maana yake ni kwamba mashambulizi ya Atlanta yalileta pointi 21 tu, na hayo ndiyo mashambulizi yaliyoongoza ligi nzima msimu huo kwa pointi 540 katika michezo 16, yaani wastani wa karibu 34 kwa mchezo. Mtu anayedai kwamba mashambulizi yalifanya kazi yake na ulinzi ndio uliovuja aanze kwa kuieleza tofauti hiyo.

Sasa geukia pointi 34 za wapinzani na uzigawe kwa kuuliza mpira waliupata wapi. Tatu zilipatikana kwa teke muda mfupi kabla ya mapumziko. Baada ya 28 kwa 3 zilifuata zamu tano zenye pointi: ya kwanza ilitembea yadi 75 ikaleta sita, kwa kuwa teke la nyongeza liligonga mlingoti, ya pili yadi 72 ikaleta tatu, ya tatu yadi 25 ikaleta nane, yaani sita za kuingia eneo la goli na mbili za jaribio la nyongeza, ya nne yadi 91 ikaleta nane, ya tano, katika muda wa nyongeza, yadi 75 ikaleta sita za mwisho. Iangalie ile ya tatu. Timu iliyoanzia yadi 25 tu kutoka eneo la goli haikuupata mpira huo kwa jasho la mashambulizi yake. Ilikabidhiwa baada ya Ryan kupokonywa. Nane hizo ziandike kwenye deni la mashambulizi ya Atlanta, hata kama walinzi ndio waliokuwa uwanjani zilipoingia. Ulinzi unabaki na deni la pointi 26, na ukiutolea saba ulizofunga wenyewe kupitia Alford, deni lake halisi ni 19.

Nikiri kwamba hapa wapo watakaosema hesabu hii inaupendelea ulinzi. Si kweli, kwa sababu zamu tatu za yadi 75, 91 na 75 zilizoishia eneo la goli bado zimo kwenye deni lake, na hakuna hesabu itakayozifuta.

Hatua ya tatu: tenga mbinu na utekelezaji wake

Makosa mengi ya mabishano huzaliwa hapa. Mbinu nzuri inaweza kuharibiwa na mchezaji mmoja aliyekosea hatua, na mbinu mbovu inaweza kuokolewa na mchezaji mwenye kipaji. Kwa hiyo kila mkupuo ulioigharimu timu uulize maswali mawili kwa mpangilio huu: je, mbinu iliyochaguliwa iliweza kufanikiwa dhidi ya walinzi walivyokuwa wamejipanga, na kama iliweza, ni nani aliyeshindwa kuitekeleza?

Mkupuo wa kujifunzia ni ule uliozaa zile pointi nane. Zilikuwa zimebaki dakika nane na ushei katika robo ya nne, Atlanta wakiongoza 28 kwa 12, wakiwa na jaribio la tatu na yadi moja tu ya kumalizia, kwenye yadi ya 36 ya upande wao, yaani yadi 36 kutoka mstari wao wa goli. Mkimbiaji Tevin Coleman alikuwa ametoka akichechemea mkupuo mmoja nyuma, na Devonta Freeman ndiye aliyekuwa amesimama karibu na Ryan. Mbinu iliyoitwa ilikuwa ya pasi. Mpira ulipoinuliwa, Dont'a Hightower wa New England alikuja kasi kutoka pembeni. Kazi ya kumzuia ilikuwa ya Freeman, lakini Freeman alikuwa akitazama ndani, akamwona kwa kuchelewa, na Hightower akapita bila kuguswa. Ryan alikuwa ameshavuta mkono nyuma ili arushe. Mkono wa Hightower ukaugonga mpira, ukaanguka chini, na Alan Branch akaulalia. Ukiurudia mkupuo huo polepole utaona kwamba pasi yenyewe haikukataliwa na mpangilio wa walinzi, na kwamba Freeman angemgusa Hightower hata kwa bega, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Basi utekelezaji ni wa Freeman, hilo halina mjadala. Lakini swali la kwanza bado lipo: kwa nini pasi, ikiwa inahitajika yadi moja? Atlanta usiku ule walikimbia na mpira mara 18 kwa jumla ya yadi 104, na Freeman mwenyewe mara 11 kwa yadi 75, karibu yadi saba kila alipoushika. Mtu anayehitaji yadi moja na ana mkimbiaji wa yadi saba hana sababu ya kumpa kazi ya ulinzi wa kwotabeki, kazi ambayo si uhodari wake. Mimi katika daftari langu mkupuo huu nimeugawa nusu kwa nusu, na ninadhani nimemhurumia mchagua mbinu.

Hatua ya nne: pima mbinu kwa bei ya kushindwa kwake

Kocha anapotetea mbinu iliyoshindwa husema kwamba ilikuwa na nafasi kubwa ya kufanikiwa, na mara nyingi anasema kweli. Hoja hiyo haitoshi. Mbinu inayofanikiwa mara saba katika kumi inaweza kuwa uamuzi mbaya ikiwa zile mara tatu zinakupotezea kitu usichoweza kukirudisha, na mbinu inayofanikiwa mara nne tu inaweza kuwa uamuzi mzuri ikiwa kushindwa kwake hakukupunguzii chochote. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, simamisha picha kabla mpira haujainuliwa, na uandike vitu vinne: matokeo yalivyo, muda uliobaki, mahali mpira ulipo, na kile ambacho timu inacho tayari hata kama haitasogea yadi moja zaidi.

Tuifanye kazi hiyo kwenye zamu ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua mchezo. New England walikuwa wamesogea hadi 28 kwa 20. Atlanta walianzia yadi ya 10 ya upande wao, mahali pabaya, na wakatoka hapo kwa mikupuo miwili ya kupendeza: pasi fupi kwa Freeman iliyogeuka kuwa yadi 39, kisha muda si mrefu pasi kwa Julio Jones pembeni kabisa mwa uwanja, yadi 27, aliyoidaka vidole vya miguu vikiwa vimebaki ndani ya mstari kwa upana wa sarafu. Mpira ukawa kwenye yadi ya 22 ya New England, zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 40.

Andika sasa kile kitu cha nne. Milingoti iko yadi kumi nyuma ya mstari wa goli na mpira wa teke huwekwa yadi saba au nane nyuma ya mstari wa kuanzia, kwa hiyo kutoka yadi ya 22 teke la pointi tatu ni la umbali wa kama yadi 40. Mpigaji wa Atlanta, Matt Bryant, msimu ule alikuwa amefunga mateke 34 kati ya 37. Teke hilo likiingia ni 31 kwa 20, tofauti ya pointi 11, ambayo haiwezi kufutwa kwa zamu moja hata wapinzani wapate jaribio la pointi mbili. Kwa maneno mengine, Atlanta walikuwa wameshaushika ushindi kwa mkono mmoja na walichohitaji ni kutoudondosha. Kukimbia na mpira mara tatu, hata bila kusogea hata hatua, kungeila saa na kumwacha Bryant palepale.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa wa kukimbia, na Freeman akapoteza yadi moja. Wa pili ukaitwa pasi, na pasi ya kumtaka Ryan arudi nyuma sana na kusubiri. Trey Flowers akamfikia na kumwangusha yadi 12 nyuma, kwenye yadi ya 35. Teke la yadi 40 likawa la zaidi ya 50. Mkupuo wa tatu ulikuwa pasi fupi kwa Mohamed Sanu iliyosogea yadi tisa, na hapa mwongozo huu unakutaka uwe mwadilifu: hiyo ilikuwa mbinu nzuri, iliyolenga kurudisha teke kwenye umbali wa kawaida, na ilifaulu, lakini ikafutwa kwa sababu Jake Matthews alimshika mpinzani kinyume cha sheria na timu ikarudishwa yadi kumi. Sasa walikuwa kwenye yadi ya 45. Pasi iliyofuata ikaanguka chini, wakaupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma, na New England wakaupokea kwenye yadi yao ya 9 wakiwa na dakika tatu na nusu.

Makosa matatu yalifuatana, na ni moja tu lililo la mchagua mbinu. Lakini hilo moja ndilo la kwanza, na mengine mawili yasingepata nafasi ya kutokea bila hilo. Utetezi wa Shanahan una uzito wake, kwa kuwa pasi ndizo zilizowafikisha pale na mbio za mkupuo uliotangulia zilikuwa zimepoteza yadi. Hata hivyo utetezi huo unazungumzia nafasi ya kufanikiwa tu na kunyamazia bei. Kabla ya mkupuo ule Ryan alikuwa ameshaangushwa mara kadhaa, na kuangushwa ndilo jambo pekee, ukiacha kupokonywa, lililoweza kumwondolea Bryant teke lake.

Angalia pia saa ya mkupuo. Timu inaruhusiwa kukaa hadi sekunde 40 kati ya mkupuo na mkupuo saa ya mchezo ikitembea, na timu inayoongoza inapaswa kuzitumia karibu zote. Rudia picha za robo ya nne ukiwa na saa ya simu mkononi na uandike pembeni mwa kila mkupuo sekunde zilizoachwa bila kutumiwa. Kazi hii inachosha, lakini haihitaji utaalamu wowote na hakuna anayeweza kuibishia.

Hatua ya tano: upime ulinzi kwa nafasi ulizopata za kutoka uwanjani

Ulinzi hauchagui muda wa kukaa kazini. Unachoweza ni kumaliza zamu ya mpinzani mapema. Basi tafuta katika safu ya kulia kila jaribio la tatu na la nne la wapinzani, na uweke alama palipokuwa na nafasi ya kuwazuia nayo ikapotea. Kwa Atlanta alama nzito zaidi iko kwenye ile zamu ya kwanza baada ya 28 kwa 3, New England walipokuwa na jaribio la nne na yadi tatu kwenye yadi ya 46 ya upande wao wenyewe. Wakizuiwa pale, mpira ni wa Atlanta katikati ya uwanja na huenda watu wakaanza kuondoka uwanjani. Danny Amendola aliachwa akadaka pasi ya yadi 17. Kosa hilo ni la ulinzi peke yake, wala uchovu hauwezi kuwa kisingizio kikubwa, kwa kuwa ilikuwa bado robo ya tatu.

Kisha pima uchovu wenyewe. Timu katika mchezo wa kawaida wa ligi hiyo hucheza mikupuo sitini na kitu; walinzi wa Atlanta walikabili 93. Ukifuatilia chanzo chake utagundua kwamba vikosi viwili vilichoshana. Zamu mbili za kwanza zilizoipa Atlanta pointi zilikuwa za mikupuo mitano mitano tu, jambo linalopigiwa makofi, lakini linalowarudisha walinzi kazini kabla jasho halijakauka. Hata Alford alipofunga kwa pasi aliyoinasa, kanuni ziliwataka Atlanta waupige mpira kwa wapinzani, kwa hiyo walinzi walewale waliokuwa wamekimbia yadi 82 kushangilia wakarudi kusimama mstarini. Halafu baada ya 28 kwa 3, mashambulizi yalipata zamu nne na hayakuleta pointi hata moja: tatu ziliishia kwa kuupiga mpira mbali na moja kwa kupokonywa.

Tenga pia sehemu ndogo ya bahati, nayo iwe ndogo kweli. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, husema mashabiki, lakini anayepima anatakiwa ataje mti gani uliteleza. Katika ile zamu ya yadi 91, pasi kwa Julian Edelman ilipigwa na mkono wa Alford ikaruka juu, walinzi watatu wakaiangukia, na Edelman akaidaka upana wa kiganja kabla haijagusa nyasi, katikati ya miguu na mikono ya watu: yadi 23. Alford alifanya kila alichofundishwa. Mkupuo huo nimeuacha nje ya safu zote mbili.

Hatua ya sita: tafuta nani alikuwa na neno la mwisho

Mratibu huchagua mbinu, kwotabeki anaweza kuibadilisha akiona walinzi wamejipanga vibaya kwake, na kocha mkuu anaweza kumwambia mratibu, kwa sentensi moja redioni, kwamba sasa ni kukimbia tu. Quinn hakuitoa amri hiyo, naye aliujua ulinzi wake kuliko yeyote, ulinzi ulioruhusu pointi 406 msimu ule na kuwa wa 27 kati ya timu 32. Kwa hiyo sehemu ya deni la mbinu iandike kwa jina lake.

Usitumie habari za nani alifukuzwa kama ushahidi. Siku chache baada ya Houston, Shanahan alikuwa kocha mkuu wa San Francisco 49ers, na aliyeondolewa Atlanta alikuwa Richard Smith, mratibu wa ulinzi. Februari 2024 Shanahan, akiwa na 49ers, alipoteza fainali nyingine ya muda wa nyongeza, 25 kwa 22 dhidi ya Kansas City Chiefs mjini Las Vegas, na mratibu wa ulinzi, Steve Wilks, akaondolewa ndani ya siku chache. Klabu huondoa mtu kwa sababu nyingi, na upungufu wa yadi ni mojawapo tu.

Hatua ya saba: andika hukumu, kisha ijaribu kwenye mchezo mwingine

Hukumu iandikwe kwa sentensi mbili au tatu zinazotaja zamu, si hisia. Yangu ni hii: Atlanta walipoteza kwanza kwa uamuzi wa kurusha pasi kwenye yadi ya 23, jaribio la pili, wakiwa na pointi tatu mfukoni, uamuzi wa Shanahan ambao Quinn aliuacha upite, pili kwa mashambulizi yaliyotoka kapa katika zamu nne, na tatu kwa ulinzi uliomwacha Amendola kwenye jaribio la nne na baadaye ukashindwa kusimama kwa sababu ulikuwa umekwisha nguvu.

Kipimo kisiporudiwa kwenye mchezo mwingine hujui kama kinapima au kinathibitisha tu ulichokuwa unakiamini. Mchezo wa kujaribia ni fainali ya miaka miwili nyuma, Glendale, Arizona, tarehe 1 Februari 2015, wapinzani wakiwa walewale New England. Seattle Seahawks walikuwa yadi moja kutoka eneo la goli, zimebaki sekunde 26, wana mkimbiaji Marshawn Lynch, wakaita pasi, na Malcolm Butler akainasa. Dunia nzima ililaumu mbinu. Lakini jaza daftari: Seattle waliingia robo ya nne wakiongoza 24 kwa 14, na ulinzi wao, uliowahi kuogopwa kuliko wote, ukaruhusu zamu ya yadi 68 na nyingine ya yadi 64, zote mbili zikaishia eneo la goli, 28 kwa 24. Ulinzi huo ulikuwa umempoteza Cliff Avril kwa kugongwa kichwa na Jeremy Lane kwa kuvunjika mkono, kwa hiyo viandike vyote viwili pembeni. Ile pasi bado ina bei kubwa sana na bado nitaiandika juu ya orodha, ila chini yake, karibu kabisa, kuna pointi 14 za ulinzi ambazo hakuna aliyezitaja usiku ule. Na mratibu wa ulinzi wa Seattle, aliyetoka hapo moja kwa moja kwenda kuwa kocha mkuu wa Atlanta, alikuwa Dan Quinn.